Kivuli cha Alasiri Ni cha Jirani

Wasafiri wa Kiarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, na anayetoka Mkoani kwenda Chake Chake kwa gari hadi leo hana sababu ya kuwabishia. Mikarafuu imeshuka na vilima, minazi imejipanga kandokando ya mabonde ya mpunga, miembe imeinamia barabara. Sifa hii njema ndiyo inayoiponza miji ya kisiwa. Mwambie mkaazi wa Tibirinzi kwamba mtaa wake umepungukiwa na miti, atakuonyesha mashamba kwa kidole na kukuuliza kama huna macho.

Macho yapo. Ila mkarafuu wa Mtambile haupozi ukuta wa nyumba iliyoko Chake Chake, na msitu wa Ngezi, pamoja na hekta zake zinazokaribia 1,500, haumfai kitu mtu aliyejilaza chini ya bati saa tisa mchana. Faida nyingi za mti zinazomgusa mtu nyumbani kwake huishia hatua chache kutoka shinani: kivuli, ubaridi, udongo kushikika, tunda kuanguka uani. Hoja ya safu hii ni hiyo, na ina nyongeza moja ambayo wapandaji wengi hawaifikirii. Kivuli kinachohitajika zaidi, kile cha alasiri, mara nyingi hutoka kwenye kiwanja cha jirani. Miti ya mjini ikiachwa iwe shauri la kila mtu na uwanja wake, mtaa utabaki na jua lake hata kama wakaazi wote ni wapenzi wa miti.

Tibirinzi ni miongoni mwa shehia za mji wa Chake Chake. Watoto wa Pemba wanaijua kwa uwanja wa kufurahishia watoto, ambako sikukuu za Idi pembea hazipati mapumziko. Kwa wakubwa ni mtaa wa kuishi, na mji unaozidi kujaa. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu wapatao 407,000 katika Pemba nzima. Ya 2022 ikawakuta zaidi ya 543,000. Ni ongezeko la theluthi katika miaka kumi, na kisiwa ni kile kile. Watu hao wanataka nyumba, na nyumba mpya huanza kwa panga na msumeno. Fundi anataka pa kuchanganyia zege, matofali yanataka pa kukaukia, lori la mchanga linataka pa kugeuzia. Mwembe uliokuwapo kabla ya bekoni hukatwa wiki ya kwanza, tena mara nyingi bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya. Nyumba ikishasimama, mwenyewe hununua feni. Pemba ina umeme wa kutegemewa kidogo tangu 2010, ulipolazwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na feni ni neema. Lakini feni haipoozi chumba; inapepea hewa iliyopo, na chumba kikiwa cha moto inapepea moto.

Moto huo unatoka wapi? Watu wengi hutaja bati, na wana haki: bati tupu kwenye jua la mchana huweza kupita nyuzi joto 60, na joto lake hushuka moja kwa moja kwenye kichwa cha aliye chini. Hata hivyo bati lina fadhila moja. Ni jembamba, na jua likizama hupoa upesi. Mkorofi wa usiku ni ukuta. Ingia chumba cha upande wa magharibi katika nyumba ya matofali ya saruji baada ya sala ya Isha, uweke kiganja ukutani kwa ndani. Utaukuta una joto kama ubavu wa sufuria iliyoepuliwa zamani kidogo. Tofali limekunywa jua tangu saa nane mchana, na joto hilo huchukua saa kadhaa kupenya mpaka upande wa pili. Linamfikia mwenye chumba wakati ule ule anaotandika kitanda.

Pemba iko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi, yaani miezi yenye joto kali la kaskazi, linapita upande wa kusini na kuzama magharibi likiegemea kusini. Kwa hiyo ukuta unaoteseka katika miezi migumu ni wa magharibi, na kona yake inayoelekea kusini. Ukuta wa mashariki nao hupigwa na jua, lakini ni jua la asubuhi, hewa ingali baridi na tofali limelala usiku mzima likipoa. Ukuta wa kaskazini hauna kesi kubwa katika kipindi hicho. Mtu mwenye nafasi ya mti mmoja tu katika kiwanja chake hana haja ya kupiga ramli: ni magharibi, ukivutwa kidogo kusini.

Na kivuli chenyewe hufanyaje kazi? Hapa ndipo elimu ya skuli inapotuangusha. Tulifundishwa kuwa mti hupoza hewa, tukaridhika. Kipimajoto kikitundikwa chini ya mwembe na kingine uwanjani, mara nyingi tofauti yake ni nyuzi moja au mbili tu. Mtu anayebeza miti ataikamata hesabu hiyo aseme: ndiyo haya mnayoyapigia kelele? Ila mwili hausikii hewa peke yake. Unasikia pia jua linaloupiga na mionzi ya joto inayorushwa na kila kilichouzunguka: ukuta, ardhi, bati la banda la uani. Mwembe hukata jua kabla halijafika ardhini wala ukutani, na ardhi iliyofunikwa na kivuli huwa baridi kuliko ile iliyo wazi kwa nyuzi kumi na zaidi. Nafuu anayoipata mzee aliyekaa kwenye kibaraza chenye kivuli haionekani kwenye kipimajoto kwa sababu kipimajoto kinapima hewa, na yeye amepunguziwa moto wa pande zote.

Kuna njia ya pili, nayo ni maji. Jani hutoa mvuke, na kila lita moja ya maji inayogeuka mvuke hubeba joto la karibu theluthi mbili ya uniti ya umeme. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha hutoa lita kadhaa wa kadhaa kwa siku, na msomaji anaweza kujipigia hesabu ya uniti. Katika nchi kavu, Dodoma kwa mfano, njia hii ina nguvu sana. Pemba hewa tayari imejaa unyevu, na mwezi wa Februari jasho halikauki mwilini hata ukae uchi wa mnyama. Hapa kinachomwokoa mtu ni kivuli pamoja na upepo, na ole wake anayepata kimoja kwa kukipoteza kingine. Anayezungushia nyumba yake ua mnene wa miti mifupi, kutoka ardhini hadi dirishani, amejijengea chungu. Mti wa mjini katika pwani yetu unatakiwa uwe na shina refu na tupu, kichwa kipana, na chini yake pawe wazi. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Upande huo uachwe ukiwa na minazi michache au mipapindi, mitende ya asili ya kisiwa hiki, yaani vitu visivyouziba. Kwa bahati njema, mwelekeo wa upepo wa msimu wa joto na mwelekeo wa jua baya havigombani: upepo unaingilia mashariki, mti unakaa magharibi.

Sasa turudi kwenye mpaka wa kiwanja. Jua la alasiri liko magharibi, basi kivuli cha alasiri huanguka mashariki. Mwembe uliopandwa ukingoni mwa magharibi ya kiwanja chako utakusaidia, iwapo una mita sita au nane kati ya mpaka na ukuta. Viwanja vingi vya mjini havina nafasi hiyo. Nyumba imejengwa hatua tatu kutoka kwenye bekoni, na mti unaoweza kuupoza ukuta wako wa magharibi unabidi usimame kwa jirani. Yeye ataumwagilia, atafagia majani yake, na kivuli kitalala kwako. Wewe nawe mti wako utampooza aliye mashariki yako. Mtu akifikiri peke yake hapandi, na wala si mchoyo. Hesabu tu haimtoki. Mtaa ukifikiri pamoja, kila mmoja anapanda kwa ajili ya anayemfuatia na kila mmoja anapata.

Maji ya mvua yana mtindo huo huo, ila yenyewe huteremka. Chake Chake imekaa juu ya vilima vinavyoshuka hadi kwenye mabonde na hori ya bahari, na mitaa yake ina watu wa juu na watu wa chini. Mvua za masika zikipiga bati lisilo na mfereji, maji yote ya paa huanguka mstari mmoja, huchimba ufuo chini ya upenu, halafu hushuka kwa aliye chini yakiwa yamebeba udongo mwekundu wa aliye juu. Korongo linalokula msingi wa nyumba ya bondeni lilianza uani kwa mtu mwingine. Mti hufanya mambo matatu hapo. Majani hupokea tone kabla halijaupiga udongo. Majani makavu yaliyoanguka huyachelewesha maji. Mizizi nayo huacha njia ndogo ndogo za maji kuzama. Miti peke yake haitoshi kwenye mteremko mkali. Panahitajika safu za mchaichai zilizopandwa kukata mteremko, na mfereji wa bati wenye pipa. Lakini mteremko usio na mzizi wowote hakuna saruji itakayoushika kwa muda mrefu.

Chakula hakihitaji maneno mengi kwa Mpemba. Familia yenye mshelisheli uani inajua kwamba siku isiyo na mchele haiwi siku ya njaa. Wanyama nao wamo. Popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana kwingine duniani, alikadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwa amebaki maelfu machache. Baada ya wanavijiji kuanza kumlinda, hesabu za baadaye zilipita 20,000. Moja ya makundi yake makubwa hulala Kidike, katika miti mirefu iliyo jirani na makaazi ya watu, na wageni huja kulitazama. Popo huyo hula maembe ya watu, ni kweli, na mwenye maembe ana haki ya kununa. Pia husambaza mbegu usiku kucha bila malipo.

Dhana potofu kuhusu miti ni nyingi, na zinazosifu zimo pamoja na zinazolaumu. Ya kwanza ni ya kusifu: kwamba tupande miti majumbani ili tupate oksijeni. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, iwe juani Tibirinzi au msituni Ngezi, na hakuna mtaa wa Pemba uliopungukiwa nayo. Hoja hii hufundishwa watoto kwa nia njema, kisha mtoto akikua na kuona uwanja usio na mti haumkabi pumzi, huacha kuamini na zile hoja za kweli. Nduguye ni hofu ya kwamba mti wa karibu na dirisha hutoa hewa mbaya usiku. Hutoa kidogo, naam, lakini watu wawili waliolala chumbani hutoa nyingi zaidi, na hakuna aliyewahi kumfukuza mkewe kwa sababu hiyo. Wengine husema mti huleta mvua. Mvua ya Pemba huletwa na bahari na pepo za msimu; miti ya mtaa haiiteremshi, kazi yake ni kuipokea ikishateremka.

Hofu ya mizizi ina ukweli nusu. Mzizi hauna jino la kutoboa ukuta mzima. Unafuata maji na hewa, na ukikuta ufa kwenye bomba au kwenye karo la choo unaingia na kunenepa humo. Anayelalamika kuwa mti umempasulia karo, kwa kawaida karo lilianza kuvuja kabla ya mzizi kufika. Jambo la hakika ni kwamba shina hunenepa, na mizizi ya karibu na shina huinua sakafu ya kibaraza bila ya kuuliza. Kipimo cha kutumia ni hiki: mti mkubwa ukae mita sita hadi nane kutoka ukutani, mlimau, mpera na mstafeli vinaweza kusogea hadi mita tatu. Jamii ya mitini inayoota kwenye nyufa za kuta ing'olewe ingali midogo. Mnazi nao, pamoja na heshima zake zote, usisimame juu ya bati wala juu ya njia ya watoto: nazi inayoanguka kutoka mita 15 hufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 60 kwa saa.

Kuna hofu ya upepo, na Wazanzibari wana historia yake. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi pwani ya Tanzania. Mti kuanguka ni jambo la kweli. Lakini miti mingi ya mjini inayoanguka ilikatwa mizizi upande mmoja wakati wa kuchimba msingi au mtaro, au iliachwa na matawi yaliyooza kwa miaka. Dawa yake ni kupogoa na kukagua kabla ya kusi. Kukata mti mzima kwa hofu ya tawi ni kuogopa kazi.

Mbu hawazaliwi na majani. Wanataka maji yaliyotuama, na katika ua wa kawaida maji hayo yako kwenye vifuu, makopo, matairi na pipa lisilofunikwa. Shimo la kwenye shina la mti mzee liangaliwe vile vile. Suala la mashetani wa mibuyu na mikwaju safu hii hailiingilii, isipokuwa kusema kwamba hofu hiyo imeilinda mibuyu kuliko sheria nyingi.

Malalamiko mazito zaidi hutolewa na wanawake, na wataalamu wa misitu huyapita kama hawakuyasikia. Anayefagia uwanja alfajiri si bwana aliyepanda mti. Mkungu unapopukutisha majani, ni magunia, na mwembe wakati wa maua hauna simile. Mpango wa miti usiotaja ufagio ni mpango wa wanaume. Nusu ya kazi hiyo huondoka mtu akiacha duara chini ya mti lisilofagiliwa, majani yakarundikwa shinani yakaoza yakawa mbolea. Nusu ya pili hupungua kwa kuchagua mti. Malalamiko mengine ya haki ni ya karafuu. Msimu ukifika, uwanja wa mbele ya nyumba ni mahali pa majamvi, na karafuu zinataka jua siku kadhaa mfululizo. Hakuna Mpemba atakayefunika uwanja wa kuanikia kwa ajili ya ubaridi, wala haifai kumwomba. Hapo mahali pa mti hujibu tena: mti ulioko magharibi huuachia uwanja wa mashariki jua lote la asubuhi na adhuhuri, kivuli kikafika alasiri, wakati ambao watu wameshaanza kuzigeuza kwa mara ya mwisho.

Kikwazo kilichobaki ni kikubwa kuliko vyote hivi, nacho ni umiliki. Zanzibar ina desturi ya zamani inayotenganisha mti na ardhi: kiwanja kinaweza kuwa cha huyu na mnazi uliomo ukawa wa yule, akaurithisha na kuuuza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, watu wakagawiwa eka tatu tatu, na miti ikaendelea kuhesabiwa kuwa mali. Anayeazimwa shamba huruhusiwa muhogo na viazi. Akipanda mwembe, mwenye shamba hushtuka, kwa kuwa mti wa miaka hamsini ni kama kutia sahihi kwenye ardhi. Mawazo hayo yameingia mjini pamoja na watu. Mpangaji hathubutu kupanda. Jirani akiona mche karibu na bekoni hudhani ni mpaka unaosogezwa. Ukingo wa barabara ni wa Serikali, yaani hauna mwenyewe, na mche usio na mwenyewe ni chakula cha mbuzi.

Dawa iko ndani ya utamaduni huu huu. Kuweka minazi wakfu kwa ajili ya msikiti ni desturi kongwe ya pwani, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayojua kazi hiyo. Kwa nini mti wa mtaa usiwe wakfu? Mti wa wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala haumpi mtu madai ya ardhi, kwa hiyo hofu ya bekoni inaondoka. Karatasi moja kwa sheha, yenye sahihi ya mwenye kiwanja na jirani anayepata kivuli, ingetaja mambo matatu: kivuli ni cha kila mtu, matunda ni ya madrasa au ya aliyepewa kutunza, na kupogoa ni zamu ya nani. Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) inahesabu kuwa sadaka kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutoka kwenye mti uliopandwa na Muislamu. Waumini wa Tibirinzi wanaijua. Inasomwa misikitini kila siku ya kupanda miti, kisha watu wanarudi nyumbani kugombania mpaka.

Mti gani? Mshelisheli unastahiki kuwa wa kwanza: kichwa kipana, chakula kizito, na mche wake hupatikana kwa machipukizi ya mizizi, kwani shelisheli letu la kawaida halina kokwa. Mwembe na mzambarau vinafaa penye nafasi. Mwarobaini huvumilia ukame na kusahauliwa. Kwenye kiwanja chembamba, mpapindi, mtende usioota porini popote duniani isipokuwa Pemba, unastahiki heshima kuliko mapambo ya kununua. Na mlangilangi wa karibu na dirisha una wapenzi wake mjini. Mvinje uachwe ufukweni, chini yake hakuoti kitu. Mkeshia hukua haraka na kumfurahisha mpandaji, ila matawi yake huvunjika upesi kwa upepo, na mtu hataki hayo juu ya bati.

Kampeni za upandaji zina kasoro moja sugu: zinahesabu miche siku ya kupandwa. Mgeni rasmi anapiga picha, tangazo linataja maelfu, na ikifika kiangazi hakuna anayerudi kuangalia. Wangari Maathai alipoanzisha harakati za Green Belt nchini Kenya mwaka 1977, kinamama walilipwa fedha kidogo kwa mche uliopona, na uliokufa haukulipiwa. Tofauti ya mipango hiyo miwili ni ndogo kwenye karatasi, ila ndiyo iliyoamua miti gani ipo leo. Halmashauri au taasisi yoyote inayotoa miche Chake Chake ingeweza kuigawa fedha yake hivyo hivyo: robo siku ya kupanda, na iliyobaki baada ya vuli ya pili, mche ukiwa hai na una ua wa kuzuia mbuzi.

Baraza la Mji lina kazi ambayo mkaazi hawezi kuifanya, nayo ni kutenga nafasi kabla ya ujenzi. Singapore ina joto na unyevu kama wa Pemba, pengine zaidi. Kiongozi wake, Lee Kuan Yew, alianza kampeni ya kupanda miti huko mwaka 1963, lakini kilichoufanya mji ule uwe na kivuli ni sheria ya 1975 iliyowalazimisha wajenzi na taasisi za Serikali kuacha sehemu ya miti kila wanapojenga. Zanzibar inajua kulinda mti kwa sheria: mkarafuu haukatwi bila ya ruhusa, hata ukiwa wako. Mwembe wa mjini haujapata heshima hiyo kwa sababu hauuzwi nje. Michoro ya viwanja vipya vya pembezoni mwa Chake Chake inachorwa sasa. Utepe wa mita mbili kando ya barabara, uliotajwa kwenye ramani na kwenye kibali cha ujenzi, hauhitaji mkopo wala mfadhili. Na wakaazi wa Tibirinzi wasingojee ramani hiyo. Kabla ya masika, kila mmoja amwendee jirani yake wa magharibi amuulize mti utakaa wapi na nani atautia maji, wakamuite sheha awaandikie.